Albamu ya Kwanza Iwe Tungo Zako: Maneno kwa Wapiga Gitaa wa Malindi

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wapiga muziki hapa Malindi, jioni moja ya Jumamosi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila mizaha iliyowahusu waliokuwapo nimeiacha hukohuko ukumbini.

Asalaam alaykum wazee wangu. Mabibi na mabwana, hamjambo. Na nyinyi vijana mliosimama pale nyuma na magitaa mgongoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa kuzungumza juu ya jazz. Jazz ni pana, na mwenye ukumbi ana saa yake ya kufunga. Kwa hiyo nimechagua kipande kimoja tu: albamu ya kwanza ya mpiga gitaa wa jazz, ile ambayo tungo zake ni zake mwenyewe. Nimekichagua kwa sababu nawajua. Humu ndani wapo walioanza kuniambia "mwakani naingia studio" kabla hawajaota ndevu. Leo ndevu zimejaa, na mwakani haijafika.

Wengi wetu twala kwa muziki wa hotelini. Jua likizama unakaza nyuzi, unapiga mpaka wageni wa mwisho waende zao kulala, na unachopiga ni nyimbo za watu. Mtaliano anataka wa kwao, Mwingereza anataka wa kwao, meneja naye anataka mpunguze sauti. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Imelipa karo za watoto, na vidole huivia pale pale, kwa sababu mgeni hangoji ujifunze. Lakini asubuhi ukiamka, usiku wote ule umekwenda. Hakuna kilichobaki chenye jina lako.

Na hata hizo nyimbo za hotelini zina wenyewe. Ule wa "Jambo Bwana", ambao mgeni hushuka nao kwenye ndege akiwa ameshauhifadhi, watu hudhani ni wa tangu na tangu, kana kwamba ulikuja na majahazi. Si hivyo. Ni wa Them Mushrooms, bendi ya Pwani hii hii, waliutoa mwaka 1982, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Walikuwa wakipiga hotelini kama nyinyi. Tofauti ni kwamba katikati ya nyimbo za watu waliingiza ya kwao, kisha wakaipeleka studio.

Sasa twende mbali kidogo.

Katikati ya Marekani, katika jimbo la Missouri, kuna mji uitwao Lee's Summit, pembeni mwa Kansas City. Bahari iko mbali nao pande zote. Hapo ndipo alipozaliwa Pat Metheny mwaka 1954. Kijana huyu alianza kufundisha gitaa chuo kikuu akiwa na miaka kumi na minane, kwanza Miami, kisha Boston katika chuo cha Berklee, akaingia katika bendi ya Gary Burton, yule bingwa wa vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti. Desemba 1975 akaenda Ludwigsburg, Ujerumani, kurekodi albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya rekodi ya ECM, mtayarishaji akiwa Manfred Eicher. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Albamu ikatoka mwaka 1976, nayo inaitwa Bright Size Life.

Ina vipande vinane. Saba ni vya Metheny mwenyewe. Cha mwisho tu ndicho cha mtu mwingine, tungo mbili za mpiga saksafoni Ornette Coleman zilizounganishwa zikawa kitu kimoja. Yote haifiki dakika arubaini. Nawaambia urefu huo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi mtu akipata studio anataka kumwaga kila alichonacho, nyimbo kumi na nane, na ya kumi na nane hata mama yake hajaifikia.

Yasikilizeni majina ya vipande vile. Kimoja kimetaja Missouri. Kingine kinaitwa Unity Village, na Unity Village ni kijiji kilichopakana na Lee's Summit. Kingine kimetaja Omaha, mji wa Nebraska, jimbo la jirani. Kingine ni jina la barabara, Unquity Road, barabara iliyoko nje kidogo ya Boston, kule alikokuwa akifundisha. Kingine kinasema usiku wa Midwest, yaani zile nyanda za katikati ya nchi yao. Hebu fikirini. Kijana ameitwa Ulaya, mara yake ya kwanza kutoa albamu yenye jina lake, na alichobeba ni barabara na vijiji vya kwao. Hakutaka kujifanya mtoto wa New York. Na ukiisikiliza, masikio yangu mimi husikia muziki wa gitaa wa mashambani kwao umekaa juu ya kodi za jazz bila kuona haya. (Kodi za gitaa, jamani, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za serikali. Wale wa kaunti mtulie.)

Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitangaza albamu ile miongoni mwa rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa. Barabara ya Unquity sasa imo ndani ya hifadhi ya taifa, na huenda wakaao kando yake hawana habari.

Lakini jambo ninalotaka mlishike katika albamu ile ni la kiufundi. Wapigaji ni watatu: gitaa, besi, ngoma. Ngoma ni Bob Moses, besi ni Jaco Pastorius. Kinanda hakuna. Sasa mpiga gitaa wa hotelini wa siku hizi, kinanda ndicho mkongojo wake. Kinanda kinashika kodi, kinanda kinapiga besi kwa mkono wa kushoto, kinanda kina ngoma zake za kubonyeza, na wewe mwenye gitaa umebakia kurembaremba juu kama mapambo. Ukikitoa, ghafla gitaa lako linaulizwa maswali. Kodi nani anashika? Wimbo nani anaimba? Pengo likitokea nani anaziba? Metheny alijibu kwa kupiga kidogo. Anaweka kodi pale inapohitajika, anaondoka, anaimba mstari, anarudi. Pengo jingine analiacha wazi, na Jaco anaingia humo na besi yake isiyo na vyuma vya kugawa sauti shingoni, inaimba kama mtu. Katika kile kipande cha Unity Village hata besi na ngoma hazimo. Ni gitaa linajibizana na gitaa, mtu yule yule amejirekodi mara mbili. Na vipande vingine amepiga gitaa la umeme la nyuzi kumi na mbili.

Nyinyi hamhitaji nyuzi kumi na mbili. Mnahitaji kumpa mpiga kinanda likizo mwezi mmoja, kwa heshima, mkae watatu mfanye mazoezi. Mtajua ni tungo gani zina mifupa na zipi zilikuwa zimesimamishwa na kinanda.

Najua kuna anayesema moyoni: mzee, mimi hanijui mtu, afadhali nianze na nyimbo zinazojulikana, watu wakinizoea ndipo nitoe zangu. Hoja hiyo ina uzito, na ina shahidi mkubwa. Wes Montgomery, wa Indianapolis, aliyezaliwa mwaka 1923, ndiye aliyepiga gitaa kwa kidole gumba badala ya kijiti, na mpaka leo hajapatikana wa kumpita kwa utamu wa ile sauti. Mchana alifanya kazi kiwandani, usiku alipiga kwenye vilabu, na nota hakujua kuzisoma. Mpiga saksafoni Cannonball Adderley alipomsikia mwaka 1959 alikwenda kuwaambia watu wa kampuni ya rekodi ya Riverside wamfuate. Wakamfuata, akarekodi mwaka huo huo, naye ana miaka thelathini na sita. Nyingi ya nyimbo za albamu ile zilikuwa za watu.

Haya, shahidi wenu ameshinda? Subirini. Ndani yake alitia mbili zake. Moja aliiita Missile Blues, na Missile Room ndicho kilabu alichokuwa akipiga usiku hukohuko Indianapolis. Yaani jina la kibarua chake. Halafu Januari 1960 akarekodi albamu nyingine, humo zake zikawa nne, na leo mpiga gitaa wa jazz popote duniani akitaka kupimwa hupewa mojawapo ya hizo. Zile nyimbo za watu alizozipiga kwa uzuri ule tunazisikia na kumsifu, lakini tukitaka kumpiga yeye, kumtia mkononi mwetu, twachukua tungo zake.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Usiku wa kupiga nyimbo za watu unakufanya usifiwe. Tungo lako linafanya wengine wapige kitu chako wewe hupo. Hizi ni hali mbili tofauti, na ya pili hotelini hawakupi.

Tungo lenyewe la jazz si kitu kirefu. Laweza kuenea katika ukurasa mmoja: sauti ya wimbo juu, majina ya kodi chini, basi. Mitari, yaani vipimo vya mapigo, kumi na miwili ikiwa ni bluzi, thelathini na miwili ikiwa ni ule mtindo wa zamani. Yaliyobaki ni ya wapigaji, wayabuni papo hapo. Kwa hiyo mtunzi wa jazz kazi yake kubwa ni kujua anachokiacha. Sisi watu wa Pwani jambo hili hatukulijulia jazz. Malenga akitupa shairi lake, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho, mwenzake hujibu kwa vina vile vile na mizani ile ile, na hapo ndipo huonekana nani fundi. Wes alifanya kitu cha namna hiyo hiyo. Tungo lake la Four on Six linapita njia ya kodi, yaani mfuatano wake, za Summertime ya mtunzi wa Marekani George Gershwin, ila sauti ya wimbo ni yake, na ukilisikia hukumbuki Gershwin mpaka uambiwe. Wapigaji wengi wa jazz walitunga hivyo. Njia ya kodi ni ya kila mtu, sauti ya wimbo ndiyo yenye mwenyewe. Kwa hiyo asikae mtu hapa aniambie kutunga ni karama, hakupewa. Chukua njia ya kodi za wimbo unaoupiga kila usiku, ile ambayo vidole vinaijua hata ukisinzia, uweke juu yake sauti nyingine. Jumatatu unayo moja.

Kisha ipigeni hotelini. Msitangaze. Itieni katikati ya nyimbo mbili zinazojulikana, mgeni atadhani ni ya zamani na hatalalamika. Ipigeni wiki nzima. Mhudumu wa meza akianza kuipiga mluzi akikusanya sahani, tungo hilo liende studio. Wahudumu wa meza ni majaji wakali kuliko maprofesa, kwa sababu hawana sababu ya kukubembeleza.

Wapo watakaosema jazz si yetu, tuwaachie wenyewe. Hawa nina mambo mawili ya kuwaambia.

La kwanza ni Fundi Konde. Mzaliwa wa Kilifi hii, mwaka 1924, akafariki mwaka 2000. Wengi humtaja kuwa ndiye wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini Kenya. Vita Kuu ya Pili ilimchukua akawa katika kikosi cha burudani cha wanajeshi wa Afrika Mashariki, na aliporudi akarekodi santuri ambazo za mwaka 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya miaka ya tisini. Tafuteni msikilize kodi zake. Zile sauti za ziada anazozitia ndani ya kodi, laini, zisizo na haraka, ni ndugu wa zile mnazozihangaikia leo kwenye video za mafunzo. Mjomba wenu alishazipiga kwa Kiswahili. Santuri za enzi zile, za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Maneno yaimbwe, kiitikio kiitikiwe, gitaa lipewe mstari mmoja hivi, mara sindano imefika mwisho. Mimi huwaza angepiga nini mtu yule angepewa dakika saba. Nyinyi mnazo dakika saba. Santuri ndefu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, dakika ishirini na kitu kila upande, na leo hata huo mpaka haupo tena. Mnazifanyia nini?

La pili ni Lionel Loueke, wa Benin. Alianza gitaa akiwa na miaka kumi na saba, umri ambao baadhi yenu mwasema mmeshachelewa. Nyuzi zilipokatika hakukuwa na za kununua, akafunga nyaya za breki za baiskeli. Akasoma Abidjan, Paris, kisha Marekani, mpaka bingwa wa piano Herbie Hancock akamchukua katika bendi yake. Mwaka 2008 akatoa albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Blue Note, na Hancock mwenyewe na mpiga saksafoni Wayne Shorter wakaja kumpigia ndani yake. Mnajua ameiitaje? Karibu. Ndiyo, karibu hii hii. Mtu wa Cotonou ametumia neno letu, na sisi tulionalo mdomoni kutwa kucha twatafuta majina ya Kiingereza ya kuita nyimbo zetu. Jamani! Sabaki iko hapo yamwaga maji mekundu baharini kila mvua za bara zikinyesha, hakuna aliyeipigia gitaa? Barani, Maweni, Kisumu Ndogo, hayo ya mitaa yetu si majina? Mwanzele, ngoma ya kwetu, haina mdundo wa kutosha? Kayamba ikikaa mahali pa ngoma ya kizungu, ile chwa-chwa-chwa yake ndefu, na besi ikatembea chini yake, mimi nataka kusikia hicho kitu kabla sijafa, na sitaki nikisikie kwanza kutoka kwa mgeni aliyekuja likizo na kinasa sauti.

Sasa jambo la karatasi, halichukui muda, lakini msisinzie hapa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya muziki ikiwa imeshaandikwa au kurekodiwa, yaani imeshikika. Tungo unalolipiga kila usiku hotelini na hujaliandika wala kulirekodi, mbele ya sheria ni upepo. Mwingine akiliandika wewe utabaki kusimulia. Simu yako ya mkononi yatosha: weka mezani, piga, taja jina la tungo na tarehe. Ukishapata nafasi, sajili kazi hiyo katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Si lazima kusajili ndipo uwe mwenyewe, lakini siku ya ugomvi cheti hakigombani. Haki ya mtunzi yadumu uhai wake na miaka hamsini baada ya kufa kwake, kwa hiyo hata wajukuu wamo katika hesabu. Na jueni haki ni mbili: tungo ni kitu kimoja, rekodi ya tungo ni kitu kingine. Mwenye studio au tajiri aliyelipia anaweza kuwa na haki ya rekodi. Tungo libaki lako. Mkipewa karatasi ya kutia saini mkaona vitu viwili vimechanganywa, msitie saini siku hiyo. Semeni mnakwenda kumwonyesha mjomba.

Na kuhusu fedha, nitasema moja tu. Studio inalipwa kwa muda, na muda mwingi hupotea kwa watu kujifunza nyimbo ndani ya studio. Kampuni ya Blue Note ilipata sifa katika miaka ya hamsini na sitini kwa kuwalipa wapigaji wafanye mazoezi kabla ya kurekodi, na ndiyo maana rekodi zao zimekaa sawa hivyo. Nyinyi hakuna atakayewalipa mazoezi. Yafanyeni hivyo hivyo, barazani, chini ya mwembe, popote, mpaka tungo liingie studio likiwa linajua njia.

Hapo nikafungua maswali.

Kijana mmoja aliuliza kama tungo tatu zatosha. Nikamwambia rekodi hizo tatu, zile ambazo mhudumu amezipiga mluzi, usizitafutie za kujazia.

Mwingine akauliza je, akiimba maneno ndani ya albamu, bado ni jazz? Nikasema imba, tena imba kwa Kigiriama ukitaka; nani atakushitaki?

Halafu binti mmoja aliyekuwa kimya pembeni akasema, "Shikamoo mzee. Mimi napiga besi, si gitaa. Haya yote yananihusu?"

Nikamjibu marahaba, mwanangu. Yule Jaco niliyemtaja, mwaka ule ule wa 1976 naye alitoa albamu yake ya kwanza, jina lake mwenyewe juu ya jalada, besi mbele. Besi yako iko wapi?

"Iko nje, kwenye tuktuk."

Kailete, nikamwambia, na wewe mwenye gitaa jekundu chomeka waya. Mwenye ukumbi ametupa nusu saa.